“Unasoma shule gani?”: Kuipa jina shule ya nyumbani

Swali: Asalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni mama wa wawili, naishi Mkomani, Lamu. Binti yangu ana miaka 10, mdogo wake 7. Huu ni mwaka wa pili nawasomesha mwenyewe nyumbani, na baba yao huwapa hesabu jioni akirudi kazini. Masomo yaenda vizuri, alhamdulillahi. Juzi tuko dukani, mzee mmoja akamuuliza binti yangu, “Unasoma shule gani, mwanangu?” Akanyamaza, akajificha nyuma ya buibui langu. Usiku akaniambia, “Mama, sisi hatuna shule.” Nimeona mtandaoni Wamarekani wanaosomesha nyumbani wana majina ya shule zao, nembo, sare, hata vitambulisho vya wanafunzi. Nami nataka kuwatengenezea wangu. Nianzie wapi, na je, inaruhusiwa? Mama mkwe asema nawachezea watoto.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kila mara nakwama pale pale, kwenye “sisi hatuna shule.” Binti yako hajakuomba beji. Kaulizwa jambo ambalo kila mtoto wa rika lake ana jibu lake mdomoni, yeye akajikuta hana. Basi kabla hujamwona fundi cherehani, mpe jibu. Leo hii, mkiwa jikoni mwachambua mchele, mfundishe kusema: “Nasoma nyumbani. Mamangu ndiye mwalimu wangu.” Muulize tena akiwa ameshughulika na jambo jingine, ajibu bila kukuangalia usoni. Kisha mwambie baba yake amuulize kwa sauti ya mzee wa dukani, acheke kidogo. Jina la shule litakuja juu ya jibu hilo. Nimeona familia zilizoanza na jina, na mtoto akiulizwa “Shule hiyo iko wapi?” anarudi kule kule nyuma ya buibui.

Sasa hao Wamarekani. Kila jimbo kwao lina sheria yake. California, kwa mfano, njia moja ya kusomesha nyumbani ni mzazi kujaza kila mwaka, kati ya tarehe 1 na 15 Oktoba, hati ya kiapo ile ile inayojazwa na shule za binafsi, na kwenye hati hiyo pana nafasi ya jina la shule. North Carolina nako mzazi hupeleka taarifa serikalini kwamba anafungua shule ya nyumbani, na lazima aipe jina. Kwa hiyo mama wa kule anayeiita sebule yake “Akademia” kuna fomu iliyomdai jina hilo. Na kitambulisho anachomchapia mtoto kina kazi: kuna maduka ya vitabu na makumbusho yanayopunguza bei kwa wanafunzi. Ukiziona picha zao ukadhani ni mapambo tu, umeona nusu ya habari.

Kwetu Kenya karatasi ni nyingine. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto amesajiliwa na anahudhuria shule, na sheria hiyo hiyo inakataza mtu kutoa elimu ya msingi bila kuidhinishwa na kusajiliwa. Nakuandikia haya waziwazi kwa sababu jina, nembo na muhuri havikutoi ndani ya sheria hiyo wala havikuingizi. Kama bado hujazungumza na wakili, au na afisi ya elimu ya kaunti, au na shule iliyosajiliwa ambayo iko tayari kushikana mkono nanyi, shughuli hiyo itangulie. Nembo haina haraka.

Umeuliza kama inaruhusiwa. Kuipa nyumba yako jina, watoto wakalitumia kwenye madaftari yao, ni jambo la ndani ya nyumba yako. Taabu huanza jina linapotoka mlangoni kwenda kusema lisilo kweli. Ukiandika “Shule ya Msingi ya Fulani” kwenye karatasi ukaipeleka afisini kana kwamba ni shule iliyosajiliwa, hapo umeingia pabaya. Ukitundika kibao nje, ukapokea watoto wa jirani kwa ada, hiyo si familia tena, ni shule, nayo yataka usajili. Usiweke ngao ya taifa kwenye chochote: nembo za taifa zina sheria yake, nayo yasema nani azitumie. Na usiazime namba ya kituo cha mtihani cha shule nyingine hata kama mwenye shule ni mjomba wako.

Basi mimi kipimo changu ni kimoja. Jina likimpa mtoto jibu fupi na la kweli, ni jina zuri. Likimlazimisha adanganye kidogo, au wewe udanganye kidogo, litupe.

Na wewe, dada, una bahati ambayo mama wa California hana. Mji wako umezoea shule iliyo ndani ya nyumba. Kabla ya shule za serikali, mtoto wa Lamu alikwenda chuoni kusoma Kurani, na chuo aghalabu kilikuwa daka la nyumba ya mtu, yaani ukumbi wa mlangoni, au chumba cha chini, mkeka umetandikwa, mwalimu kaegemea ukuta. Hakuna aliyeuliza chuo kina sare ya rangi gani. Kiliitwa kwa jina la mwalimu wake, na jina hilo lilimtosha mtoto maisha yake yote: “Mimi nilisoma kwa mwalimu fulani.” Hata neno lenyewe, kwa Kiamu cha zamani, lahaja ya Lamu, chuo ni kitabu. Mama mkwe wako, nina hakika, anaweza kukutajia chuo chake na bakora zake. Muulize, mbele ya watoto. Huenda akaacha kusema unawachezea akigundua kwamba jambo unalofanya analijua kuliko wewe.

Ila nikuonye kuhusu neno hilo hilo. Ukiita “Chuo cha...” watu wa Mkomani watakuelewa, lakini barua ikifika Nairobi itasomwa kama chuo cha elimu ya juu, na mtu atakuuliza mnatoa diploma gani. “Akademia” nayo siipendi kwa sababu imejaa kila mtaa na haimwambii mtu lolote. “Darasa” ni neno salama: halidai kuwa taasisi, na hata msikitini huketishwa darasa baada ya Magharibi bila mtu kudhani pamefunguliwa shule.

Jina lenyewe lichimbueni ndani ya nyumba yenu. Mnaishi katika nyumba ya mawe? Basi mna majina ya sehemu za nyumba ambayo watoto wengine wa Kenya hawayajui: daka, msana, zidaka, sabule, wikio. Watoto wanasomea wapi hasa? Familia moja niliyoishauri ilikuwa na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, na watoto walikuwa wakisoma humo kwa sababu ya upepo. Mama alikuja kwangu na orodha ya majina kumi na mawili, yote ya nuru na hekima na mwanga. Mvulana wao wa miaka 8, alikuwa amelala kifudifudi mkekani achora punda, akasema bila kuinua kichwa, “Si tuite Wikioni tu?” Orodha ikakunjwa. Nilipenda jina lile kwa sababu mtoto akiulizwa “Wasoma wapi?” anasema “Wikioni, nyumbani kwetu,” na yote mawili ni kweli.

Kwa hiyo wape watoto nafasi, lakini usiwaulize “Tuite shule yetu nini?” Ukiwauliza hivyo, mdogo atataja timu ya mpira na mkubwa atajaribu kukufurahisha. Wasikilize wiki moja jinsi wanavyopaita mahali mnaposomea wao kwa wao. Huenda jina lipo tayari.

Kaulimbiu? Usisumbuke. Ukiitaka sana, chukua msemo ambao babu au bibi husema nyumbani kwenu kila siku, sio ule wa kwenye kalenda.

Nembo ndiyo sehemu nitakayokukawiza, maana hapa pana somo zima. Usimpe kijana wa saiba akutolee kitabu kilichofunguliwa na mwenge unaowaka. Fanya hivi. Chukua karatasi nyembamba na kipande cha kalamu ya nta au mkaa laini, nendeni kwenye mlango wenu, na kama si wa kuchongwa, kwa jirani mwenye mlango wa zamani. Piga hodi kwanza, uombe ruhusa. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini kabla ya hapo ni mlango wa mtu. Mmoja ashike karatasi juu ya mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili hukutana, mwingine asugue taratibu kwa ubavu wa kalamu. Karatasi itatetereka, ya kwanza itaharibika, ya pili pia. Kwenye ya tatu litatokea ua, au kamba iliyosokotwa, au duara lenye petali nane ambazo binti yako amepita kando yake maisha yake yote asizihesabu. Mwache azihesabu. Mwache agundue kwamba fundi aligawanya duara kwa bikari, na kwamba petali moja si sawa na nyingine kwa sababu mkono wa binadamu hauko sawa. Hapo umefundisha jiometri, sanaa na historia ya mji kwa shilingi sifuri. Kisha wachague kipande kimoja tu cha mchoro, wakichore upya kikiwa kidogo kama kifuniko cha soda. Kama hakionekani vizuri kikiwa kidogo hivyo, hakifai kuwa nembo. Usichapishe karatasi yoyote ile bila kukijaribu kwa udogo huo, na msifanye mlango wa watu ubaki na alama ya mkaa. Kitambaa kikavu mfukoni.

Sare. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kukiri. Miaka ya mwanzo nilimshauri mzazi mmoja wa Malindi atengeneze sare kamili, watoto “wajisikie.” Akashonesha mashati, sketi, na sweta za rangi ya maruni zenye beji kifuani. Sweta, Malindi, mwezi wa Januari, kaskazi inavuma! Watoto walizivaa siku tisa. Ya kumi mkubwa aliuliza kwa nini avae sweta kukaa karibu na mamake, na hakuna aliyekuwa na jibu. Zile sweta zilikuja kutumika safari ya Limuru, kule kwenye baridi. Pesa ile ingenunua vitabu vya muhula mzima.

Tangu hapo nashauri kitu kimoja tu ambacho mtoto anabeba akitoka nje kwa masomo, na ndani avae anachovaa. Lamu kitu hicho kipo: mkoba wa ukili. Nunueni miwili inayofanana, au kama kuna shangazi anayesuka, aweke mshipi mmoja wa milala iliyotiwa rangi mliyoichagua. Wakienda ngomeni, makumbusho, au kisiwa cha Manda kuangalia magofu ya Takwa, mkoba uko begani na ndani mna daftari, penseli, chupa ya maji. Mkoba ule utawaambia watu, na utamwambia yeye mwenyewe, kwamba sasa yuko masomoni. Wakirudi nyumbani unatundikwa msumarini, masomo yamekwisha.

Kitambulisho nakikubali, kwa sababu moja. Watoto wakionekana bandarini saa nne asubuhi siku ya Jumanne, wataulizwa, na anayeuliza huenda ni mzee wa mtaa au afisa, na anafanya kazi yake. Kadi ndogo iliyofunikwa plastiki, yenye jina la mtoto, jina la mzazi, namba ya simu, na maneno “Ninasomea nyumbani,” itamsaidia mtoto aliyetetemeka. Jina la darasa lenu laweza kuwa juu, dogo, na nembo pembeni. Maneno “shule ya binafsi,” “mwalimu mkuu” na namba za usajili za kubuni yasiwemo. Na picha ya kadi hiyo usiipandishe Facebook. Ina kila kitu ambacho mtu asiyemjua mtoto wako hapaswi kukijua.

Yanayofanya watoto wahisi wana shule hasa, kwa uzoefu wangu, hayanunuliwi. La kwanza ni namna siku inavyoanza. Pate na Lamu zilikuwa na siwa, baragumu kubwa zilizopulizwa kwenye mambo makubwa ya mji. Ninyi hamhitaji siwa, lakini mnahitaji mlio. Kama kuna upatu wa harusi, ile sahani ya shaba ya kupigwa, uliokaa bure kabatini, upigwe mara tatu saa mbili asubuhi. Apige mtoto, kwa zamu. Utashangaa jinsi mtoto wa miaka 7 anavyoamka mapema siku yake ya zamu. La pili ni rejista. Daftari gumu, la mistari, tarehe ya leo, majina mawili, na mwite kila mmoja kwa jina lake kamili, la babake na la babu yake, aitike. Inachekesha siku ya kwanza. Siku ya thelathini haichekeshi tena, na ile rejista ikawa ndiyo karatasi yenye uzito kuliko zote ulizo nazo, maana yeyote atakayekuuliza “Hawa watoto wanasoma kweli?” utamfungulia.

Pamoja nayo, kila mtoto awe na faili. Kazi moja ya kila somo kila wiki, iwe na tarehe, ile iliyoharibika nayo iwekwe. Jina lenu na nembo vikae kwenye jalada la faili hilo. Ndiyo sehemu pekee ya kuchapisha ninayoisisitiza.

Mihula fuateni ya serikali, hata kama mngeweza kusoma mwaka mzima. Si kwa ajili ya sheria tu: watoto wa mtaa wakifunga shule Agosti na Disemba, wenu nao wafunge, wakaogelee pamoja. Ila ongezeni yenu. Mfungo Sita, mji ukijaa wageni wa Maulidi, hakuna mtoto atakayeshika kalamu, basi iandikeni likizo hiyo kwenye ratiba tangu mwanzo, ionekane imepangwa. Na kama baba yao anaijua bahari, wekeni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kuwa siku za kusomea ufukweni maji yakikupwa. Shule nyingi zingetamani ratiba kama hiyo.

Lipo jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia, kwa sababu binti yako ana miaka 10. Kama mnafuata mtaala wa umilisi (CBC), mwisho wa gredi ya 6 kuna KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi, na gredi ya 9 kuna KJSEA, ile ya kumaliza sekondari ya chini, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Matokeo ya kumpeleka sekondari ya juu hayatoki kwenye karatasi ya siku ile peke yake: asilimia 20 hutoka KPSEA, 20 tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8, na 60 KJSEA yenyewe. Tathmini hizo za katikati hupitia shule iliyosajiliwa na Baraza la Mitihani. Darasa la nyumbani, hata liwe na nembo nzuri kama mlango wa Mkomani, haliwezi kumpa mtoto namba ya tathmini. Ndiyo maana nilisema tafuteni shule ya kushikana nayo mkono, na mwaka huu, sio atakapofika gredi ya 6. Mkienda kuzungumza na mwalimu mkuu, beba rejista na mafaili mawili. Kadi na mikoba viache nyumbani. Atavitazama kama vitu vya watoto, na atakuwa sawa.

Na mtoto ajue pia hilo mapema. “Nasoma Wikioni, nyumbani kwetu, na mitihani nafanyia shule fulani,” ni jibu kamili, lisilo na mahali pa kujificha. Sahau Wikioni, hilo ni la wenyewe. Nanyi mtapata lenu.

Mama mkwe mpe kazi. Usimwombe abariki jambo, mwombe afundishe: Alhamisi baada ya Adhuhuri, saa moja, mafumbo na tenzi anazozijua kwa moyo, au kusuka ukili. Mwandike kwenye ratiba ukutani kwa jina lake, “Mwalimu Bibi,” na kwenye rejista atie sahihi, au alama ya kidole kama hapendi kalamu.

Muhuri usubiri. Usiuchonge mwezi huu. Jina likipita muhula mzima na watoto bado wanalitaja bila kukumbushwa, shuka na binti yako hadi Langoni kwa fundi wa kuchonga, mkiwa na ule mchoro wenu mdogo kama kifuniko cha soda, mwombe kipande cha mti kilichobaki. Mwambie achonge kinyume, maana ukichonga unavyoona, karatasini kitatoka kimegeuka. Usimwambie binti yako kwa nini. Mwache aligundue mwenyewe atakapobonyeza mara ya kwanza.